Vibano vya Taa na Picha za Shughuli Zetu

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba safari hii niandike machache juu ya upigaji picha katika shughuli zetu. Nadhani wameniomba mimi kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hana udhuru wa kusema hana nafasi. Pili, kwa miaka mingi nimekuwa ndiye mwenye kamera upande wa wanawake, tangu zama za roli za filamu mpaka zama hizi ambapo kila mtoto ana kamera mfukoni mwake.

Nimekubali, lakini kwa sharti moja. Juu ya kamera zenyewe sitaandika, kwani wajukuu zetu wanazijua kuliko mimi. Nitaandika juu ya kitu kidogo cha chuma kisichotiliwa maanani na watu wengi, nacho ni kibano cha kufungia taa ya flashi mahali pengine mbali na kamera. Naomba msomaji asilifunue karatasi hili haraka akadhani kuwa ni mambo ya mafundi. Jambo hili linamgusa kila mtu aliyewahi kusimama katika picha ya jamaa, hata kama hajashika kamera maishani mwake.

Kila nyumba yetu ina albamu za harusi, nazo karibu zote zina ugonjwa mmoja. Ichukueni yoyote muifungue penye picha ya jamaa wote, ile inayopigwa baada ya chakula. Safu ya mbele wamekaa wazee na wageni wa heshima, na nyuso zao zimekuwa nyeupe kama zilizopakwa unga. Macho ya watoto ni mekundu. Ukutani, nyuma ya vichwa, pana vivuli vyeusi vyenye ncha kali. Kisha inakuja safu ya pili na ya tatu, na kila safu ina kiza kuliko iliyo mbele yake, mpaka safu ya mwisho haionekani ila miwani inayong'ara na meno ya aliyekuwa akicheka.

Si lazima mpiga picha awe hajui kazi yake, wala kamera iwe mbovu. Aghlabu sababu ni kwamba taa ilikaa juu ya kamera. Macho mekundu yanatokana na hilo: taa ikiwa karibu mno na lenzi, mwanga huingia moja kwa moja ndani ya jicho, hugonga ukuta wa nyuma wenye mishipa ya damu, na hurudi kwenye lenzi na wekundu wake. Ile safu ya nyuma yenye kiza nayo ina sababu yake, na hapa mtanisamehe, kwani nilisomesha hesabu na sayansi kwa zaidi ya miaka 30 na mkono bado unatafuta chaki.

Mwanga utokao kwenye taa ndogo hutawanyika kila unavyokwenda, na hupungua kwa mraba wa masafa. Aliyesimama mita 2 kutoka kwenye taa akipata fungu zima, aliyesimama mita 4 hapati nusu ya fungu, bali robo yake. Sasa tuitazame picha yetu. Safu ya mbele iko mita 2 kutoka kwenye kamera na safu ya nyuma iko mita 4. Mpiga picha akipima kwa ajili ya wa mbele, wa nyuma wanabaki na robo ya mwanga. Akipima kwa ajili ya wa nyuma, wa mbele wanaungua.

Itoeni taa hiyo kwenye kamera muipeleke mbali, iwe mita 6 kutoka safu ya mbele na mita 8 kutoka safu ya nyuma. Sita mara sita ni 36, na nane mara nane ni 64. Kwa hiyo wa nyuma watapata mafungu 36 kwa 64 ya wanachopata wa mbele, yaani zaidi ya nusu. Tofauti hiyo jicho halioni taabu nayo, na mwenye kamera anaweza kuirekebisha. Watu ni walewale na taa ni ileile.

Atakayeuliza kama taa iliyopelekwa mbali haitakuwa dhaifu, ameuliza vizuri. Kutoka mita 2 kwenda mita 6, mwanga unaofika ni sehemu moja kwa 9. Zama za filamu hilo lilikuwa tatizo kubwa, kwa sababu roli nyingi tulizokuwa tukinunua zilikuwa za ISO 100 au 200. Kamera za leo mtu akizipandisha kutoka ISO 100 mpaka 1600, uwezo wao wa kupokea mwanga unapanda mara 16, na picha hutoka safi. Kwa hiyo jambo lililokuwa la wenye mitambo mikubwa, leo linawezekana kwa flashi ndogo ya betri 4.

Kuna na jambo jingine ambalo sisi tumezoea kulisema kwa mzaha. Jamaa zetu ni mchanganyiko wa rangi, na tumbo moja huweza kumzaa mwenye rangi ya chai ya maziwa na mwenye rangi ya mpingo. Katika picha za ukumbini wakisimama pamoja, mmoja hutoka na mwenziwe akapotea, na tulikuwa tukicheka na kumwambia aliyepotea, "Wewe picha inakukimbia!" Mzaha huo ulikuwa na asili yake. Katika maabara za kusafishia filamu za rangi, tangu miaka ya 1950, mafundi walikuwa wakipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopigwa picha kwa kazi hiyo. Ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa mizani, na ngozi za wengine zikatoka zilivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990.

Filamu hizo hatuzitumii tena, lakini taa iliyokaa juu ya lenzi ingali ikifanya dhulma ileile. Ngozi nyeusi haionyeshi umbo lake kwa kupigwa mwanga mkali usoni moja kwa moja. Paji la uso hung'ara kama sahani na pengine pote hubakia kiza. Ngozi nyeusi hutaka mwanga mpana utokao ubavuni au juu, upite juu ya shavu na pua na kidevu, na hapo ndipo sura hutokeza na uzuri wake ukaonekana.

Sasa nitasema kwa nini jambo hili limenishika hata nikalikubali ombi la wahariri. Tulikuwa na shangazi yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye wengi wa umri wangu tumelelewa mikononi mwake. Rangi yake ilikuwa nyeusi ya kung'ara, na kazi yake katika kila harusi yetu ilikuwa jikoni. Pilau ikikaribia kuiva yeye ndiye aliyeonja, na wageni wakishakula yeye ndiye aliyehakikisha kuwa hakuna aliyesahauliwa, hata dereva aliyekuwa nje. Alipoitwa kwenye picha alikuja wa mwisho, akijifuta mikono kwa kanga, na akasimama nyuma kabisa kwa sababu mbele pameshajaa.

Alifariki mwaka 2021, wakati ambapo wengi wetu hatukuweza hata kusafiri kwenda kumzika. Ilipofika zamu ya kutengeneza ukurasa wa waliotutangulia, tulimtafuta katika albamu za nchi tatu: hapa Uingereza, Maskati na Toronto. Tulimpata katika picha kumi na moja. Katika zote kumi na moja tulimjua kwa kanga yake na kwa mahali aliposimama, wala si kwa uso. Picha moja ilichukuliwa na kijana wetu anayefahamu kompyuta akajaribu kuing'arisha, lakini mahali pasipofika mwanga siku ile hapana la kung'arisha leo. Ukurasa wake ulichapishwa bila ya picha. Watoto waliozaliwa huku watasoma jina lake na hawatajua alikuwa na sura gani.

Kwa sababu hiyo sioni kuwa mahali pa kuiweka taa ni jambo la mafundi peke yao.

Wapiga picha wa zamani kwetu walilijua vizuri. Picha zilizopigwa Unguja katika studio za Mji Mkongwe, kama vile Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mpaka leo ukizitazama unaona uhai katika nyuso. Studioni taa huwekwa pembeni na juu, na aliyekaa mbele yake huangaziwa kama anavyoangaziwa mtu aliyekaa karibu na dirisha. Lakini harusi haifanywi studioni. Inafanywa katika ukumbi wa skuli au wa manispaa uliokodiwa kwa saa sita, wenye watoto wanaokimbizana, masinia yanayopita, na bibi mwenye mkongojo. Mtu akisimamisha stendi ya miguu mitatu yenye taa juu yake katika ukumbi kama huo, ajue kuwa ameweka mtego. Niliwahi kuona katika shughuli moja stendi ikiangushwa na mtoto aliyekuwa akifukuza puto. Taa ilipasuka hatua moja kutoka kwa bibi harusi, na watu wakashukuru kuwa ni taa tu iliyovunjika.

Hapo ndipo kibano kinapofaa. Kwa nini uisimamishe taa sakafuni, na ukuta, mlango, nguzo na roshani tayari zimesimama? Mafundi seremala wetu wana jiliwa la kubania ubao wanapoupiga randa. Kibano cha taa ni mdogo wake jiliwa. Kinauma kitu kilicho imara upande mmoja, na upande wa pili kinashika flashi.

Huko Italia, katika mji wa Bassano del Grappa, alikuwako mpiga picha za magazeti jina lake Lino Manfrotto, aliyefariki mwaka 2017. Mitambo ya taa ya zama zake ilikuwa mizito na ya taabu kuchukua, naye akaanza kujitengenezea stendi na vishikizo vyepesi, kisha akawatengenezea na wenziwe, mpaka ikawa kampuni inayojulikana duniani. Kibano chao kiitwacho Super Clamp kimeigwa na wengi. Kinashika bomba lenye unene wa milimita 13 mpaka 55, na kinabeba kilo 15. Flashi ndogo pamoja na betri zake ina uzito wa kiasi cha nusu kilo tu, kwa hiyo hapo kibano hakina wasiwasi.

Kwa matumizi yetu ningevigawa vibano mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni hivyo vya skrubu vyenye taya la chuma, kama nilivyotaja. Hivi ndivyo vya kutegemewa. Hufungwa kwenye mabomba ya pazia la jukwaa, kwenye vyuma vya roshani, au kwenye zile ngazi za mbao za mazoezi zilizopigiliwa ukutani katika kumbi nyingi za skuli za Uingereza. Kipande cha kabari kikitiwa ndani ya taya, kibano hushika hata ubao ulio bapa, kama vile ubao wa rafu.

Fungu la pili ni vya springi, mfano wa kibanio cha nguo kilichonona. Kinafunguliwa kwa mkono mmoja na kuwekwa kwa kitambo kidogo. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya flashi vina kifundo juu yake kinachozunguka, na unaweza kuielekeza taa upendako. Hufaa juu ya mlango uliofunguliwa, kwenye mgongo wa kiti, au kwenye ukingo wa meza. Springi hulegea kwa umri, kwa hiyo kibano cha namna hii nisingekiamini juu ya vichwa vya watu.

Fungu la tatu ni vya mafundi, vile vyenye umbo la herufi C au G, vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Hivi havina mahali pa kushikia flashi, mpaka viongezwe kichwa. Ijulikane kuwa skrubu ya kamera na vifaa vyake ni ya robo inchi, na kubwa yake ni ya inchi tatu kwa nane. Anayenunua kichwa cha kushikia flashi aangalie ukubwa huo kabla ya kulipa. Wajukuu zangu wawili walitengeneza kimoja kwa kibano cha seremala na skrubu ya robo inchi, na mpaka leo ndicho ninachokipenda.

Taa ikishakuwa juu, ataiamrishaje mwenye kamera? Zamani ilikuwa kwa waya mrefu, nao ulikuwa mtego mwingine. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha redio kinachokaa juu ya kamera, na mwenziwe chini ya flashi au ndani yake. Kitufe cha kamera kikibonyezwa, taa zote huwaka kwa pamoja. Kuna jambo moja la kukumbuka: katika kamera nyingi shata isizidi kasi ya sehemu 1 kwa 200 ya sekunde, kwani ikizidi hapo upande mmoja wa picha hutoka mweusi.

Mahali pa kuifunga taa ndipo penye kazi ya akili. Mimi nikifika ukumbini jambo la kwanza hutazama dari. Dari ikiwa nyeupe na si ndefu sana, nafunga flashi mbili katika pembe mbili za upande wa kamera, kiasi cha mita mbili na nusu kutoka sakafuni, na kuzielekeza juu wala si kwa watu. Mwanga hugonga dari, ukatawanyika, ukawateremkia watu wote kama mwanga wa mawingu. Hapo ukumbi mzima unakuwa studio, na hakuna anayefumba macho kwa kumulikwa. Dari ikiwa ya mbao nyeusi au ya rangi ya kijani, njia hii haifai, kwani mwanga utamezwa au nyuso zitarudi za kijani. Basi tumieni ukuta mweupe. Nao usipokuwepo, tandazeni shuka nyeupe juu ya ngazi za mazoezi kwa vibanio viwili, muielekeze flashi kwenye shuka. Nimefanya hivyo katika maulidi na katika harusi, na aliyeitazama shuka hakujua ni ya nini mpaka alipoziona picha.

Kama taa za ukumbi ni zile za manjano, funikeni flashi kwa kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa kinachouzwa kwa kazi hiyo. La sivyo watu watatoka na rangi moja na ukuta wa nyuma yao na rangi nyingine.

Sasa ni masharti ya usalama, na haya nayasema kama nilivyokuwa nikiyasema darasani, bila ya mjadala. Chochote kilichofungwa juu ya kichwa cha mtu lazima kiwe na waya wa pili wa kukishika, uliozungushwa kwenye bomba lenyewe, ili kibano kikiteleza taa ining'inie isianguke. Kibano kikishakazwa kivutwe kwa mkono kwa nguvu kabla ya kukiachia. Msifunge kitu kwenye mabomba ya kuzimia moto, yale yenye vichwa vidogo vya kunyunyizia maji, wala kwenye mabomba ya maji ya moto, wala juu ya mlango wa kutokea wakati wa hatari. Tieni kipande cha mpira au kitambaa baina ya taya na mbao iliyopakwa rangi, kwani ukumbi si wetu na amana ya ukumbi hupotea kwa mkwaruzo mmoja. Na anayepanda ngazi ashikiwe ngazi.

Upande wetu wa wanawake kuna faida ambayo wanaume huenda hawajaifikiria. Katika kesha na katika shughuli za wanawake, mpiga picha wa kukodi mwanamume haingii, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Lakini matokeo yake ni kuwa kwa miaka mingi nusu ya furaha zetu haikupigwa picha ila kwa simu, katika kiza, na wachezaji wametoka kama moshi. Vibano vimeturahisishia. Vijana wanaume huja mchana ukumbi ukiwa mtupu, wakafunga taa juu, wakazijaribu, wakaondoka zao. Usiku binti yetu huingia na kamera moja tu mkononi, bila ya stendi na bila ya waya. Anazunguka baina ya watu, na taa za juu zinamfuata popote anapokwenda. Na picha zinabaki kwetu, ndani ya kamera ya binti yetu, wala hazipiti mikononi mwa mtu asiyetuhusu.

Wapo wanaosema kuwa simu za leo zinatosha. Sitaki kubishana nao, kwani ni kweli simu zimekuwa nzuri, na mtu aliyetulia kwenye kiti hutoka vizuri hata usiku. Lakini simu ikiwa katika kiza hukusanya mwanga kwa kitambo, na mtu anayecheza hatulii kwa kitambo. Ile taa ya simu nayo ni dhaifu, haifiki safu ya tatu. Flashi ya kweli huwaka kwa muda ulio chini ya sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde inapokuwa haikutumiwa kwa nguvu zake zote. Hilo ni jambo ambalo Harold Edgerton wa chuo cha MIT huko Marekani alilifanyia kazi tangu mwaka 1931, akazisimamisha picha za vitu vilivyokwenda mbio kuliko jicho. Mchezaji wa msewe mbele ya flashi husimama hewani na kila uzi wa nguo yake unaonekana.

Wapo pia wazee wetu wasiopenda kupigwa picha, na hao waheshimiwe. Mwenye kusema "mimi usinipige" asipigwe. Lakini tutofautishe baina ya asiyetaka kuonekana na asiyeonekana kwa sababu taa haikumfikia. Shangazi yetu hakukataa picha hata siku moja. Alikuja kila alipoitwa.

Namalizia kwa kuleta mapendekezo matatu mbele ya kamati yetu.

La kwanza, tununue mkoba mmoja wa jamaa wote, uwe na flashi mbili, vibano viwili vya skrubu, vibano vinne vya springi, waya za usalama, shuka nyeupe na betri za kuchaji. Mkoba huo uazimwe na yeyote mwenye shughuli, na urudishwe kama unavyorudishwa ufunguo wa ukumbi. Gharama yake tukiigawana ni ndogo kuliko gharama ya maua ya harusi moja.

La pili, kila nyumba itoe binti mmoja na kijana mmoja wa kufundishwa. Mimi mwenyewe niko tayari, Jumamosi mbili za mwezi, maadamu afya inaniruhusu. Sitafundisha mengi: kutazama dari, kufunga kibano, kukaza, kuvuta, na kupima.

La tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, katika kila shughuli mpiga picha aanzie jikoni. Kabla ya meza ya wageni wa heshima na kabla ya keki, kibano kimoja kifungwe juu ya mlango wa jiko, flashi ielekezwe darini, na wapishi wapigwe picha mmoja mmoja na wote pamoja, na masufuria yao na kanga zao kama walivyo. Wakishafua mikono na kubadilisha nguo wapigwe tena wakitaka. Katika harusi ya mwezi wa Agosti mwaka jana tulifanya hivyo kwa mara ya kwanza. Wapishi walikuwa tisa. Mmoja wao, mama mwenye umri wa miaka 78, aliniomba picha yake ichapishwe kubwa ampelekee mwanawe Maskati, akaniambia kuwa tangu afike nchi hii hajapata picha yake mwenyewe inayomwonyesha macho.

Picha zote tisa ziko katika kurasa za mwisho za kitabu hiki, na majina yao chini yake. Nawaomba mzitazame kabla hamjakifunga.